Buibui wa Doreen na Pareto ya Bibi

Harufu ya pareto kavu haipendezi kama ya waridi, wala haikeri kama ya dawa za dukani. Ina uchungu wa majani na ukali kidogo, inapanda puani taratibu, halafu unapiga chafya. Wiki iliyopita nilikwenda Njombe mjini kutafuta mbegu ya viazi, na mlangoni mwa duka la pembejeo walikuwa wamebwaga magunia ya maua hayo yakingoja gari. Nikapiga chafya, nikasimama palepale. Mwenye duka akanipa pole, akidhani nina mafua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka zamani. Nilikuwa Lyamkena, Makambako, kwenye ua wa nyumba ya watu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namtazama mama yangu akimsuka mtoto asiyekuwa mimi.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini, nje kidogo ya Njombe. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko uliopandwa pareto. Asubuhi za baridi ukungu ulilala juu ya shamba hilo mpaka jua likaze, na ukungu ukiinuka, maua meupe yenye vitovu vya njano yalitokeza yote kwa pamoja. Tulichuma, tukaanika kwenye mikeka, tukauza. Kiasi kidogo bibi alikibakiza kwa ajili ya viroboto na wadudu wa maharage.

Mama alikuwa "kazini". Bibi alilitamka neno hilo kwa heshima kubwa, na mimi nikajijengea picha yangu: kazini ni jumba lenye ngazi, na mama anakaa juu, mezani, anapokea watu. Ushahidi nilikuwa nao. Alipokuja Krismasi mikono yake ilikuwa laini, inanukia sabuni, tofauti kabisa na mikono ya akina mama wa kwetu. Alikaa siku chache, akaniogesha mwenyewe ingawa nilikuwa nimeshajua kuoga, kisha akaondoka kabla sijazoea kumwita. Baba sikumjua, na hakuna aliyemtaja. Kwa hiyo mama alikuwa wangu peke yangu. Kwa mbali, lakini wangu.

Likizo moja ya katikati ya mwaka, mdogo wake bibi aliyeolewa Mawengi, kule Ludewa, alianguka akavunjika mguu. Hakukuwa na mtu wa kumuuguza. Bibi akampigia mama simu, wakazungumza kwa muda mrefu kwa Kibena cha chinichini, na kesho yake nikafungiwa nguo zangu na kukabidhiwa kwa jirani aliyekuwa anakwenda sokoni Makambako. Bibi akanitia mkononi mfuko wa pareto kavu.

"Mpe mama yako," akasema. "Mwambie achanganye kwenye maharage, na nyingine aweke chini ya godoro. Na wewe usiwe mzigo kwa watu."

Sikusikia sana hayo ya mzigo. Nilikuwa nakwenda kuziona zile ngazi.

Mama alinipokea stendi. Alinikumbatia mpaka kitenge chake kikanifunika uso, tukaenda kwa miguu, upepo wa Makambako ukitusukuma mgongoni. Hakukuwa na ngazi. Palikuwa na geti la bati, ua wa michongoma, na nyumba nzuri ya vigae. Kabla hatujafunga geti, msichana wa umri wangu akatoka mbio ndani, akamrukia mama kiunoni.

"Dada! Dada, umechelewa! Nina njaa!"

Mama akamshika kichwa, akacheka. Nilimtazama yule msichana kwa adabu zote, kwa sababu nilidhani nimeshamtambua. Nikamvuta mama kitenge, nikamuuliza, "Huyu ndiye mama mdogo?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu kicheko kikamwishia ghafla.

"Hapana, mwanangu. Huyu ni Doreen. Mimi ndiye dada wa hapa."

Kwa mtu mzima, maelezo hayo yanatosha. Kila mmoja wetu amewahi kuwa na dada wa kazi, au mama yake amewahi kuwa dada wa kazi, au yeye mwenyewe. Mimi wakati ule nilielewa kitu kingine. Nilielewa kwamba kwenye nyumba hii mama yangu si mama. Ameuacha umama getini, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Na jioni ile aliponiambia jikoni, "Mama Doreen akirudi usiniite-ite ovyo, anakuwa amechoka," nikapata uhakika. Sikuruhusiwa kumwita mama. Basi nikawa simwiti chochote. Nikimhitaji nilikwenda kusimama mbele yake mpaka anione.

Mama Doreen hakuwa mtu mbaya, naomba nimtendee haki. Alifanya kazi kwenye ofisi moja Igwachanya. Alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na vumbi kwenye viatu na sauti imemkauka. Mumewe alikuwa mtu wa safari, nilimwona mara chache. Mama Doreen nilimwamkia "Shikamoo mama," naye akaitika "Marahaba, hujambo Asi," akapita chumbani. Kuanzia alfajiri hadi jioni, nyumba ilikuwa ya mama yangu na Doreen. Na mimi.

Sasa nieleze wivu ule, maana watu huuzungumzia wivu wa watoto kana kwamba ni kitu cha kuchekesha. Mimi niliusikia tumboni, chini kidogo ya mbavu, na uliniamsha kabla ya jogoo. Mama alikuwa anajua uji wa Doreen unatakiwa upoe kiasi gani, akaumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile mpaka uwe sawa. Alijua Doreen hapendi maji yamwingie masikioni, hivyo alipomwogesha alimfunika masikio kwa viganja. Aliijua sehemu ya kichwa inayomuuma Doreen akisukwa, na mkono ukifika hapo alianza kuimba pole pole ili amsahaulishe. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kibena, ule aliokuwa akiniimbia mimi! Doreen aliuimba pia, akivurugavuruga maneno asiyoyaelewa, na mama akacheka badala ya kumrekebisha. Usiku mama alilala na mimi kwenye chumba kidogo cha nyuma, lakini alikuja baada ya Doreen kusinzia, na mimi nikawa nimeshasinzia kabla yake. Nikiamka, ubavu wa kitanda ulikuwa na joto tu.

Doreen alisoma shule ya Kiingereza, na walimu wake walimpa kazi ya likizo. Achague buibui wa aina moja na mmea wa aina moja unaotoa maua, avitazame vyote viwili, kisha aandike vinavyofanana na vinavyotofautiana. Mama yake akamwagiza mama yangu asimamie jambo hilo. Buibui alikuwepo. Alikuwa amejitandia kwenye michongoma karibu na kamba ya nguo, jike kubwa lenye mistari ya njano na myeusi tumboni, amekaa katikati ya utando wake kichwa chini, miguu ameipanga miwili miwili. Katikati ya utando alikuwa ameshona uzi mweupe mzito, unakwenda huku na huku kama mshono wa cherehani. Baba yake Doreen alitafuta kwenye simu akasema ni buibui wa bustani. Doreen akamfanya wake.

Ua ndilo lilikosekana. Mawaridi ya getini yalikuwa yameunguzwa na baridi. Doreen akakaa kwenye kibaraza amenuna, kalamu mdomoni.

"Mimi nina ua," nikasema. Nadhani ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kumwambia kwa hiari.

Nikaleta mfuko wa bibi. Doreen akachungulia, akakunja pua.

"Haya yamekufa."

"Hayajakufa. Yanaua."

"Ua gani linaua?" Akacheka sana, akarudia tena na tena, "Ua linaua! Dada, eti ua linaua!"

Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Alichukua kopo la maharage yaliyokuwa yanatembea wadudu, akavikatakata vichwa vichache vya pareto mkononi, akachanganya, akafunika. Kesho yake akatumwagia kwenye ungo. Wadudu walikuwa wamelala chali, miguu juu, wote. Doreen aliwagusa kwa ncha ya kalamu. Mimi nilisimama nyuma yake nimejaa fahari, nikahisi bibi na mteremko wetu mzima umeingia kwenye geti lile.

Kuanzia hapo tukawa na vita. Kila asubuhi tulikaa kwenye michongoma, yeye na buibui wake, mimi na ua moja la pareto mkononi, tukigombania kipi bora. Tuliandika yanayotofautiana kwanza, kwa sababu hayo yalikuwa matamu. Buibui ana miguu, ua lina petali. Buibui ana macho mengi, ua halina hata moja, ila kile kitovu cha njano kinakutazama. Siku moja panzi alinasa kwenye utando, na yule jike akashuka mbio, akamviringisha kwa uzi, akamzungusha na kumzungusha mpaka panzi akawa kifurushi cheupe. Tulimwangalia mpaka akamaliza. Kisha Doreen akasema:

"Unaona? Wangu anaua kwa sababu ana njaa. Lako linaua bure. Lina roho mbaya."

"Wako anavizia," nikamjibu. "Langu limekaa wazi tu, kila mtu analiona. Anayekuja amekuja mwenyewe."

"Hata wangu amekaa wazi! Si huyo hapo unamwona? Hamfuati mtu. Anakaa, anangoja waje."

"Na langu linangoja waje."

Tukatazamana. Tulikuwa tumepata linalofanana la kwanza, na hakuna aliyekuwa amelitaka. Mama, aliyekuwa anaanika nguo, akasema bila kugeuka, "Andikeni hilo." Doreen akaliandika.

Jioni ile Doreen akaja na swali ambalo mimi nisingethubutu kuuliza. Mama alikuwa anachambua mchele, Mama Doreen ndiyo kwanza ameingia, anavua viatu mlangoni.

"Dada, kati ya buibui na pareto, kipi bora? Lakini sema ukweli."

Nilikuwa na uhakika wa jibu. Mama alizaliwa kwenye pareto, alijifunza kutembea kati ya matuta yake, bibi alimsomesha kwa pareto hiyohiyo mpaka darasa la saba. Mama akaniangalia mimi, akamwangalia Doreen, akaangalia mlangoni.

"Buibui," akasema. "Buibui anajitahidi sana."

Doreen akaruka. Mama Doreen akatabasamu kwa uchovu na kumsifu mwanawe. Mimi nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jiko, nikauweka uso wangu kwenye ukuta uliokuwa bado na joto la moto, nikalia bila sauti. Mtu mzima angeelewa mara moja kwamba dada wa kazi hawezi kumshinda mtoto wa bosi mbele ya bosi. Mimi nilielewa kwamba nimepimwa pamoja na yule mtoto, na mizani imeegemea kwake.

Siku zilizofuata Doreen alipata wazo jipya. Kama pareto inaua wadudu, je, inaua na buibui? Tukinyunyiza kidogo tu kwenye utando? Mama akakataa kwa ukali ambao sikuwahi kuuona.

"Hakuna kunyunyiza. Yule kiumbe amewakosea nini?"

Akauchukua mfuko, akautundika kwenye msumari wa juu jikoni, tusikofika.

Jumamosi asubuhi, nikiwa bado nakunywa uji, nilisikia ukelele kutoka kwenye michongoma. Doreen alikuwa ametangulia. Nilipofika, utando ulikuwa umechanika, umebaki nyuzi chache zinazopepea. Buibui hayupo. Na chini ya michongoma, kwenye vumbi, kulikuwa na vipande vidogo vya pareto, vyeupe na vya njano.

"Amemuua!" Doreen alinielekezea kidole huku machozi yanamtiririka. "Asi amemuua buibui wangu! Amemwekea dawa!"

Mama Doreen alitoka na khanga begani na wavu kichwani. Ilikuwa siku yake pekee ya kulala mpaka jua litoke. Akaangalia utando, akaangalia chini, akanigeukia.

"Wewe Asi, ndiyo nini hiki? Umekuja kwenye nyumba ya watu unaweka sumu?"

"Sijaweka," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno.

"Na hii ni nini?"

Hata mimi sikujua. Nilitazama zile chembe na kwa muda kidogo nikajitilia shaka mwenyewe, maana nilikuwa nimetamani sana buibui yule afe. Labda kutamani kunatosha, nikawaza. Labda usingizini nimeamka.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, kama hakuna mtu mwingine pale.

"Asi. Umefanya?"

"Sijafanya."

Aliniangalia kidogo. Kisha akasimama, akanisogeza ubavuni kwake.

"Mama Doreen, mwanangu hakufanya."

Mwanangu! Alilisema kwa sauti ya kawaida, ya mchana, katikati ya ua, mbele ya wenye nyumba.

"Ina maana wangu ndiye mwongo?" Mama Doreen akauliza.

"Doreen si mwongo, mama. Amekisia. Hizo chembe ni zangu mimi, jana jioni nilipepeta maharage hapo, upepo ukazichukua. Lakini hata nisingepepeta, mwanangu akisema hakufanya, hakufanya."

"Edina, usinijibu hivyo. Nimekuruhusu umlete mtoto kwa sababu ya shida yako. Sasa naona ananisumbulia mwanangu. Jumatatu arudi kwao."

"Bibi yake yuko Mawengi, mama. Nyumba imefungwa."

"Hilo mimi sijui."

Niliuona mkono wa mama ukijifuta kwenye kitenge, polepole, ingawa unga ulikuwa umeshatoka.

"Basi tutaondoka wote wawili," akasema.

Upepo ulikuwa unapiga bati la geti. Nadhani Mama Doreen aliiona Jumatatu yake, basi la alfajiri la kwenda Igwachanya, na Doreen peke yake kwenye nyumba ile. Akageuka akaingia ndani.

Siku ile nzima sikumwacha mama hatua. Aliendelea na kazi kama kawaida, akafua, akadeki, akapika, lakini mimi nilikuwa nimepewa ruhusa na niliitumia mpaka ikaisha. "Mama, nikuletee maji? Mama, sabuni iko wapi? Mama, hii nguo ya nani?" Nilimwita bila sababu, ili tu nisikie anaitika. Naye aliitika kila mara. Hofu nilikuwa nayo pia, maana niliona jinsi anavyokunja nguo zake vizuri kupita kawaida, zile zake mwenyewe, na kuziweka juu ya begi. Doreen alikataa chakula. Alisimama dirishani, paji la uso kwenye kioo, akitutazama.

Jumapili tulipotoka kanisani, nikiwa nabadilisha nguo, Doreen alikuja akanishika mkono bila salamu. Akanivuta mpaka nyuma ya tangi la maji. Kati ya tangi na ukuta, juu kidogo ya vichwa vyetu, kulikuwa na utando mpya, mzima, na katikati mshono ule mweupe, na juu ya mshono yule jike, kichwa chini, mistari yake ya njano inang'aa.

"Ni yeye?" Doreen akanong'ona.

"Ni yeye."

Alikuwa amehama tu. Labda upepo ulikuwa umemchosha pale kwenye michongoma.

"Utamwambia mama yako?" nikamuuliza.

Doreen alikuwa anakwangua rangi ya ukuta kwa kucha.

"Nikimwambia, utabaki," akasema mwishowe.

"Hutaki nibaki?"

"Sitaki." Akaacha kukwangua, akanigeukia. "Kila siku Asi! Nikilia kusukwa, Asi halii. Nikibakiza ugali, Asi habakizi. Asi anachota maji mwenyewe, Asi anajua kuchuma maua, Asi alishika namba nzuri shuleni. Nilidhani wewe ni mkubwa. Kumbe ni mdogo hata kwangu."

Mama yangu alikuwa akinitaja? Ndani ya nyumba hii, kila siku, kabla sijafika?

"Wewe anakupenda bure," Doreen akaendelea, sasa analia waziwazi. "Mimi analipwa. Mama aliniambia nilipomsumbua. Alisema dada analipwa kukulea, siku akiacha kulipwa ataondoka."

Ningependa kusema nilimwonea huruma. Huruma ilikuja baadaye, miaka mingi baadaye. Pale nyuma ya tangi nilichokisikia kilikuwa utamu mtupu, unaopanda kutoka palepale tumboni ulipokuwa wivu. Kumbe aliyeonewa wivu ni mimi. Miezi yote ile niliyokaa kijijini bila yeye, jina langu lilikuwa mdomoni mwake, mpaka mtoto mwingine amelichoka. Sikumwambia Doreen pole. Nilimwangalia akilia, kisha nikamwazima ukosi wa gauni langu ajifutie pua, kwa sababu hakuwa na leso.

Akaenda akamwambia mama yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mama Doreen akaja akasimama nyuma ya tangi na viatu vyake vya kanisani, akamtazama buibui kwa muda, akasema, "Haya," akarudi ndani. Jioni nilimsikia akimwambia mama jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto akae mpaka bibi yake arudi. Mama akasema asante. Zile nguo zake zikarudi kwenye msumari wa chumbani.

Bibi alirudi kutoka Mawengi kabla shule hazijafunguliwa, na mimi nikarudi kwake. Doreen alinisindikiza mpaka getini. Kazi yake ya shule alikuwa ameimaliza, amechora buibui upande mmoja na upande wa pili amebandika kwa gundi ua la pareto la kweli, lililobonyea. Hatukukumbatiana. Alimshika mama mkono kwa nguvu, mama naye alinishika mimi kwa mkono wa pili, tukasimama hivyo mpaka jirani yetu wa kijijini, aliyekuja kunichukua, aliponiita.

Mama aliendelea kukaa Lyamkena kwa muda. Kisha wazazi wa Doreen wakaamua kumpeleka shule ya bweni, mbali, na nyumba ikawa haihitaji dada tena. Mama akarudi nyumbani na begi lake na sufuria aliyopewa zawadi. Wanawake wa kijiji walipita kumsalimia, "Kamwene, kamwene, umerudi?" na mimi nikasimama mlangoni kama mwenye mali iliyorudishwa. Nilikuwa nimeshinda. Aliniogesha, alinisuka, aliniimbia, na hakuna aliyelipa. Mikono yake ikaanza kukauka na kupasuka kama ya wanawake wengine wa kwetu.

Asubuhi moja, muda si mrefu tangu arudi, tulikuwa tunachuma watatu, bibi juu ya mteremko, mama katikati, mimi chini kabisa. Umande ulikuwa umetulowesha mpaka magotini. Mama alikuwa ameinama, vidole vyake vinakwenda haraka, na bila kuinua kichwa akaita:

"Doreen! Niletee kapu!"

Bibi alinyanyuka akaniangalia. Kile kitu changu cha chini ya mbavu kiliniuma kwa nguvu zilezile, kana kwamba hakijawahi kulala. Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi si Doreen, Doreen ameondoka, Doreen ana mama yake. Mama hakuwa amejisikia. Aliendelea kuchuma kwa mkono mmoja, na ule wa pili ameunyoosha nyuma, kiganja wazi, unangoja. Nikautazama mkono ule. Nikamwaza yule msichana huko bwenini, wakati huo wa asubuhi, anachanganya maji yake mwenyewe kwenye beseni na hakuna anayemfunika masikio.

"Abee," nikaitika.

Nikapanda na kapu, nikamwekea mkononi. Alilipokea. Ndipo vidole vyake vikasimama. Akajinyoosha taratibu, akanigeukia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nimekuitaje?"

"Umeniita, mama," nikasema. "Nimekuja."